Msikilizaji Naye Ana Hesabu Yake

Tarehe 8 Machi 1935, siku ambayo wanawake wa nchi nyingi waliiadhimisha kuwa yao, Ruan Lingyu alijitoa uhai jijini Shanghai. Alikuwa na umri wa miaka 24, na katika sinema bubu za China nyuso zilizopendwa kama wake zilikuwa chache mno. Kabla ya siku hiyo magazeti ya mji yalikuwa yakimwandama. Zhang Damin, mwanamume aliyeishi naye tangu usichana wake, alikuwa amemfungulia mashtaka yeye pamoja na Tang Jishan, mfanyabiashara tajiri wa chai aliyekuwa naye wakati huo, na kila kilichovuja kutoka kwenye kesi kiliuzwa mitaani. Barua ya kuaga iliyochapishwa baada ya kifo chake ilitaja hofu ya maneno ya watu. Msiba huu unaleta swali zito kuliko lile la nani alimkosea nani ndani ya nyumba. Neno linapopita katika vinywa maelfu, na hakuna hata kimoja kilichokusudia kuua, dhambi yake inakaa wapi? Nashikilia kwamba haigawanyiki hadi ikaisha. Kila aliyesema, na kila aliyesikiliza kwa hamu, ana hesabu yake kamili kwa tendo lake mwenyewe, hata kama kifo chenyewe hakiwezi kuandikwa kwa jina la mmoja wao.

Wengi hujitetea kwamba walichosema kilikuwa kweli, na katika habari za Ruan mengi yalikuwa kweli. Ila tazama ni ukweli uliokatwa wapi. Alizaliwa Shanghai mwaka 1910. Baba yake alifariki binti akiwa bado mdogo, na mama akawa mtumishi wa ndani katika nyumba ya akina Zhang. Damin alikuwa kijana wa nyumba hiyo. Kwa hiyo mkasa uliosomwa kama anasa za nyota wa sinema ulianzia baina ya binti wa mtumishi na mtoto wa mwajiri. Ruan aliingia kwenye filamu mwaka 1926, akiwa na miaka 16, na tangu hapo jasho lake ndilo lililomtunza mama yake, binti aliyemlea, na Damin pia, ambaye kamari ilimmaliza. Umbeya hubeba tukio na kuliacha nyuma lililolizaa. Ndiyo maana mafundisho ya Kiislamu hayakuishia kukataza uongo. Kumzulia mtu jambo asilolifanya ni dhambi moja, na kumtaja kwa jambo la kweli asilopenda litajwe ni dhambi nyingine, na hiyo ya pili ndiyo usengenyaji wenyewe. Ukweli, basi, si hati ya kumtoa msemaji hatiani.

Ruan mwenyewe aliuonyesha mwendo wa dhambi hii kwa uso wake. Katika filamu *Shennü* ya mwaka 1934, iliyoongozwa na Wu Yonggang, anaigiza mama anayeuza mwili usiku ili mwanawe asome. Shule inafanya onyesho, mtoto anapanda jukwaani, na mama ameketi kati ya wazazi akimtazama kwa furaha isiyofichika. Kisha mwanamke mmoja anamnong'oneza jirani yake, jirani naye anampasia wa pili, na neno linatembea kiti kwa kiti hadi safu nzima imelipata. Hakuna aliyepaza sauti wala aliyemgusa. Kila mmoja alichofanya ni kuinamisha kichwa kidogo na kutega sikio. Baadaye malalamiko ya wazazi yanafika shuleni, mkuu wa shule anamtetea mtoto mbele ya bodi, anashindwa, anajiuzulu, na mtoto anafukuzwa. Ukitafuta katika safu ile mtu aliyemfukuza, hutampata. Ukitafuta mtu ambaye angeweza kulisimamisha neno kwa kutolipokea, utawapata wote.

Huenda mtu akasema kwamba mwigizaji ni mtu wa hadhara: aliuza uso wake, akala kwa umaarufu, basi na ayavumilie maneno ya umaarufu. Hoja hii inachanganya vitu viwili. Sinema bubu iliwataka watazamaji wakamilishe kwa mawazo yao yale ambayo midomo ilitamka bila kusikika. Maandishi yalipita kwenye skrini kwa sekunde chache, na mengine yote yalisomwa machoni, mabegani na vidoleni. Ruan alikuwa hodari wa kuwapa watu nafasi hiyo, na kwa mhusika wa hadithi nafasi hiyo ni halali, kwa sababu mhusika hana nafsi inayoumia. Kosa lilikuwa kuichukua ruhusa ile na kuihamishia kwa mwanamke aliye hai, kumjazia kauli, nia na dhamiri kana kwamba naye ni picha isiyo na sauti. Mwanzoni mwa 1935 alionekana katika *Xin nüxing* ya Cai Chusheng, filamu iliyotokana na maisha ya Ai Xia, mwigizaji aliyejiua mwaka mmoja kabla. Waandishi wa habari wa Shanghai walichukizwa na jinsi walivyochorwa humo, wakashinikiza hadi kampuni ikaomba radhi na kukata baadhi ya sehemu. Wao walidai heshima zao na wakapewa. Yeye hakupewa.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi. Jamii isiyosema hulinda wadhalimu, na wahenga walinena kuwa lisemwalo lipo, kama halipo laja. Ni kweli kwamba kuna usemaji ambao ni wajibu. Imamu al-Ghazali, katika kitabu chake *Ihya*, aliruhusu kutaja aibu ya mtu pale anayedhulumiwa anapomlalamikia mwenye mamlaka, au mtu anapotaka kumwonya mwenzake asiingie hatarini. Mipaka hiyo inatupa kipimo: neno linaelekea kwa nani, na litaondoa madhara gani? Aliyesoma gazeti kuhusu Ruan hakuwa hakimu, na hapakuwa na mnyonge aliyeokolewa kwa kujua alilala wapi. Mwandishi Lu Xun aliandika mwaka ule ule wa kifo chake kwamba magazeti yaliyokuwa dhaifu mbele ya wakubwa yalikuwa na nguvu nyingi mbele ya mtu asiye na kinga. Methali ile ni onyo kwa mtu ajichunge. Tukiigeuza kuwa ushahidi dhidi yake, tumemhukumu kwa sauti ya uvumi wenyewe.

Linabaki pingamizi la mwisho, kwamba hatujui kilichomuua. Watafiti wanatilia shaka barua zilizochapishwa, maisha yake ya ndani yalikuwa na machungu mengine, na wapo waliosemwa vibaya kuliko yeye wakaishi. Nalikubali hilo lote, na ndilo linaloonyesha uzito ulipo. Kujiua hakuna sababu moja, na hakuna binadamu anayestahili kumtwisha msomaji wa gazeti damu ya mtu. Lakini hatia ya tendo haingoji matokeo. Watu mia wakimwibia mjane punje moja moja ya mchele hadi gunia likaisha, hakuna aliyeiba gunia, na hakuna asiye mwizi. Kama mjane yule angekuwa na magunia mengine, wizi ungebaki wizi. Vivyo hivyo, Ruan angeishi hadi uzeeni, kunong'ona kwa Shanghai kungebaki dhambi ile ile. Kifo chake kilituonyesha tu ukubwa wa kile tulichozoea kukiita mazungumzo.

Dini zimelijua hili kwa muda mrefu, na zimemweka msikilizaji ndani ya hukumu. Wanazuoni wa Kiyahudi walifundisha kwamba ulimi mbaya huwaangamiza watatu: anayesema, anayepokea na anayesemwa. Waraka wa Yakobo unaufananisha ulimi na moto. Qurani, katika Sura ya Bani Israili, inaonya kwamba masikio, macho na moyo vitaulizwa. Umati uliojaa njiani siku ya mazishi ya Ruan ulimlilia kwa machozi ya kweli, na bila shaka humo walikuwemo wengi waliokuwa wamenunua habari zake. Huruma yao ilichelewa kwa sababu walidhani hawakufanya lolote. Ni dhana hiyo hiyo tunayoishi nayo tunapopokea picha ya aibu ya mtu kwenye simu na kuipeleka mbele. Kumzuia msemaji mara nyingi hatuwezi, kwani hatumjui wala hatumfikii. Kutoipokea habari, kutoifungua na kutoisambaza ni jambo lililo mikononi mwa kila mtu, na kwa hilo kila mtu ataulizwa peke yake.