Je, Wajibu Wetu Huishia Mpakani?

Mtu akichoma taka uani kwake, na moshi ukaingia katika nyumba ya jirani mwenye mtoto mgonjwa, hawezi kujitetea kwa kusema, "Nimechoma uani kwangu." Jambo hili kila mtu hulifahamu, kwani moshi huonekana kwa macho. Lakini yakoje madhara yasiyoonekana, yampatayo jirani tusiyemjua, akaaye mbali sana nasi? Hilo ndilo swali tunalotaka kulitazama wiki hii.

Tuutwae Mto Mara uwe mfano wetu. Chimbuko lake liko katika misitu ya Mau, nchini Kenya. Washuka kati ya mashamba, wapita katika hifadhi ya Maasai Mara, wavuka mpaka na kuingia Serengeti, kisha wapenya mabwawa ya matete mpaka kumwaga maji yake katika Ziwa Viktoria, upande wa Tanzania. Nyumbu zaidi ya milioni moja huishi katika nchi ile, na kiangazi kikizidi huyategemea maji ya mto huo, sawa na watu na mifugo yao. Akataaye mti huko Mau hakusudii kumnyima maji mkulima wa karibu na Musoma, wala hamjui. Lakini mchuma janga hula na wa kwao, na mto ndio utuonyeshao wa kwetu ni nani.

Hapo ndipo ramani inapokuwa jambo la dhamiri, wala si la wataalamu peke yao. Ramani ya Kenya yaonyesha mto wenye mwanzo bila mwisho. Ya Tanzania, mto wenye mwisho bila mwanzo. Kila moja ni ya kweli, lakini nusu ya kweli huweza kuwapoteza watu. Kwa sababu hiyo yafaa kusifu kwamba mwaka 2015 serikali hizo mbili zilitia sahihi mapatano ya kutunza pamoja maji ya bonde la Mara.

Hasara ya kutotazama mbali twaijua. Nyumbu wa nyanda za Loita, upande wa Kenya, walikadiriwa kuwa 119,000 mwaka 1977. Mwaka 1997 walikadiriwa kuwa 22,000 tu. Hifadhi ililindwa, lakini malisho yao ya masika, yaliyo nje ya hifadhi, yaligeuzwa kuwa mashamba makubwa ya ngano. Na katika miaka hii ya karibu picha za setilaiti zimeonyesha nyua za seng'enge zikiongezeka katika nchi ya Mara. Mwenye ua mmoja aona amelinda mali yake tu. Nyua nyingi zikikutana, njia imefungwa. Basi twasema: asiyejua husameheka, bali aliyeonyeshwa ramani akafumba macho, udhuru wake ni mdogo.

Lakini huenda mtu akatujibu: "Ramani hizo ndizo zitumiwazo kuwaondoa watu katika nchi yao." Hoja hii ina uzito, wala hatutaipuuza. Mwaka 1958 Mjerumani Bernhard Grzimek na mwanawe Michael waliruka kwa ndege ndogo juu ya Serengeti, wakawahesabu wanyama na kuzifuata njia zao. Wakatambua ya kuwa nyumbu walivuka mipaka mipya iliyokuwa ikikusudiwa. Kazi yao ilikuwa ya thamani, na Michael alipoteza maisha yake katika ajali ya ndege Januari 1959. Mwaka huo huo Wamasai waliokaa Serengeti walihamishiwa upande wa Ngorongoro. Hatusemi kwamba hesabu ile ndiyo iliyowahamisha. Twasema tu kwamba kutoka angani nyumbu huonekana vema, ila haki ya mchungaji haionekani.

Kwa hiyo ramani ya haki yataka macho ya juu na macho ya chini. Mzee ajuaye kisima kisichokauka na njia ya kale ya mifugo ana sehemu yake katika kuichora. Huko Mara wako wenye ardhi waliounganisha viwanja vyao, wakawaachia wanyama njia, nao hulipwa kodi. Nchini Tanzania, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 na ile ya mipango ya matumizi ya ardhi ya mwaka 2007 zawapa wanakijiji sauti katika kupanga ardhi yao.

Basi, msomaji mpenzi, wapimaji wakija kijijini kwako usibaki nyumbani ukanung'unika baadaye. Nenda mkutanoni, useme kweli juu ya mpaka wako, kisha uulize maswali mawili: Maji haya yatoka kwa nani? Na yakitoka kwetu, yaenda kwa nani? Atakayeyajibu kwa moyo mnyofu ataona ya kuwa wajibu wake ni mpana kuliko shamba lake.