Amri ya Saba Isilindwe kwa Kuvunja ya Tano

Hakuna mfugaji asiyejua uchungu wa kuamka alfajiri akakuta zizi limevunjwa na nyayo za ng'ombe wake zimeelekea porini. Jasho la miaka mingi, mahari ya mwanawe, ada ya shule, dawa ya mgonjwa, vyote vimekwenda kwa usiku mmoja. Mwizi wa namna hiyo hatwai ng'ombe tu, bali atwaa na usingizi wa kijiji kizima. Kwa hiyo hatuwezi kuwalaumu watu wa vijiji vyetu wanapojikusanya kulinda nyumba na mali zao. Tena twawasifu.

Wazee wa Usukuma na Unyamwezi wakumbuka jinsi ulinzi wa Sungusungu ulivyoanza huko mwanzoni mwa miaka ya 1980. Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 vilikuwa vimekwisha, silaha nyingine zikabaki mikononi mwa watu wabaya, wizi wa ng'ombe ukazidi, na polisi walikuwa wachache na mbali. Ndipo wanavijiji wakashika pinde na mishale, wakachagua viongozi wao, wakajiita kwa jina la wale chungu weusi waumao. Yowe likipigwa katika kijiji kimoja, cha pili kiliitika, na cha tatu kikafunga njia. Mwaka 1989 sheria ya nchi ikawatambua walinzi hao na kuwapa uwezo wa kukamata wahalifu.

Jambo hili lina mizizi katika imani yetu. Kaini alipoulizwa na Mungu habari za Abeli, alijibu kwa kiburi kwamba yeye hakuwekwa kuwa mlinzi wa ndugu yake. Mkristo hawezi kusema hivyo. Yule alalaye kitandani huku akisikia jirani yake akilia kuomba msaada, amejibu kama Kaini, hata kama kinywa chake hakikusema neno.

Walakini, ndugu wasomaji, twataka kusema leo neno jingine lililo zito zaidi. Amri ya saba ya Mungu yakataza kuiba. Amri ya tano yakataza kuua. Aliyetoa amri hizo ni mmoja, wala hakumpa mtu yeyote ruhusa ya kuilinda moja kwa kuikanyaga nyingine. Lakini twaona nini? Yowe lapigwa, kijana akamatwa, afungwa kamba. Hatari imekwisha. Na hapo ndipo mawe na marungu yaanzapo. Kukipambazuka pana maiti njiani, na kila mtu asema hakuona aliyempiga. Taarifa za haki za binadamu nchini mwetu zimekuwa zikitaja mamia ya watu waliouawa na umati ndani ya mwaka mmoja. Twasema ni "wananchi wenye hasira kali", kana kwamba hasira hiyo haina majina. Mungu ayajua majina hayo, na baadhi yake yameandikwa katika vitabu vyetu vya ubatizo.

Yafaa tukumbuke Torati ya Musa. Kitabu cha Kutoka chasema kwamba mwizi akipigwa akafa wakati avunjapo nyumba usiku, aliyempiga hana hatia ya damu. Lakini jua likiwa limekwisha kuchomoza, hatia ipo. Usiku mwenye nyumba hajui kama aliyeingia ataka mali au roho yake, naye ana haki ya kujikinga. Mchana mwizi aonekana, aweza kukamatwa na kulipishwa. Ikiwa Waisraeli wa zamani walijua tofauti hiyo, sisi tuliohubiriwa Injili tutajitetea namna gani kwa kumwua mtu aliyekwisha kufungwa mikono?

Tena, nani ametuhakikishia kwamba aliyekamatwa ndiye mwizi? Amri ya nane yakataza ushahidi wa uongo. Katika kitabu cha Danieli twasoma habari za Susana, mke mwaminifu, aliyehukumiwa kufa kwa maneno ya wazee wawili wenye heshima. Umati wote uliwasadiki. Kijana Danieli aliwatenga wazee wale, akamwuliza kila mmoja peke yake ni chini ya mti gani waliona dhambi hiyo. Kila mmoja akataja mti wake, na uongo ukafichuka. Swali moja liliokoa roho isiyo na hatia. Ni vikongwe wangapi, katika sehemu za Shinyanga, Mwanza na Tabora, wamekatwa mapanga kwa kudhaniwa wachawi, kwa sababu macho yao yalikuwa mekundu kwa moshi wa jikoni, wala hapakuwa na Danieli wa kuuliza?

Sheria ya nchi nayo haikunyamaza. Raia aweza kumkamata mhalifu, lakini apaswa kumkabidhi polisi bila kukawia, na Katiba yakataza mtu aliyeshtakiwa kutendewa kama mkosaji kabla hatia yake haijathibitishwa. Twajua malalamiko yenu: kwamba mwizi hupelekwa kituoni asubuhi akarudi jioni akicheka. Malalamiko hayo ni ya kweli mara nyingi, na wenye mamlaka wapaswa kuyasikia. Lakini hakimu akilala, dawa ni kumwamsha, si kumwua mshtakiwa.

Basi, twawasihi walinzi wa vijiji na wazazi wa Jumuiya zetu. Asipewe zamu ya ulinzi mtu aliyelewa. Awepo kiongozi mmoja anayejulikana, aandike saa ya kukamata, vitu vilivyokutwa, na majina ya mashahidi. Mtuhumiwa akishafungwa, wawili wenye moyo mtulivu wasimame karibu naye mpaka afikishwe kwa mtendaji wa kijiji au kituoni. Na yeyote anunuaye nyama au baiskeli kwa bei ya ajabu bila kuuliza ilikotoka, ajue kwamba yeye ndiye ampaye mwizi kazi.

Bwana wetu alipokuwa msalabani alikuwa na mnyang'anyi ubavuni pake, na katika saa ile ya mwisho alimwahidi paradisi. Mnyang'anyi yule alipata nafasi ya kutubu kwa kuwa alikuwa bado hai. Mlinzi wa kweli ni yule ambaye, kukipambazuka, ng'ombe wamerudi zizini, na aliyewaiba yu hai mikononi mwa sheria. Huyo amemlinda jirani yake, amemlinda na mwizi pia, na mikono yake aweza kuiinua kanisani Jumapili bila haya.