Mazoea ni Pazia la Macho

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Muumba wa mbingu na ardhi, na rehema na amani zimshukie Mtume wake. Ama baada ya hayo:

Wako watu wadhanio kwamba kuchungua sababu za vitu hudhoofisha imani, kwani kitu kikijulikana asili yake hakistaajabishi tena. Hivyo mtoto akimwuliza babake kwa nini maji ya bahari hujaa na kutoka, huambiwa, "Nyamaza, hayo ni mambo ya Mungu." Neno hilo ni kweli, lakini limewekwa pasipo pake. Mambo ya Mungu ndiyo yapasayo kuulizwa, na Qur'ani katika aya nyingi yawaamrisha watu kutazama na kufikiri. Kiuacho kustaajabu ni mazoea, wala elimu haina hatia.

Na itazamwe karafuu. Watu wa Unguja na Pemba huichuma, huichambua makonyo, huianika juu ya majamvi, huipima na kuiuza. Huenda mtu akaifanya kazi hiyo miaka arubaini asikumbuke kuwa alichokishika ni ua, lililochumwa kabla ya kufunuka, kwani likisha kufunuka thamani yake hupungua. Kutafuta riziki ya halali ni jambo jema. Lakini ajuaye bei tu ameijua nusu ya neema.

Bahari ina mfano ulio wazi zaidi. Wanavyuoni wa elimu ya viumbe walimjua samaki aitwaye silikanti kwa alama zake katika mawe tu, wakayakinisha kuwa ametoweka tangu zaidi ya miaka milioni 60. Disemba 1938, huko East London, Afrika ya Kusini, bibi mmoja mtunzaji wa makumbusho, Marjorie Courtenay-Latimer, aliona pezi la samawati katika fungu la samaki waliovuliwa, akasimama akauliza. Kumbe ndiye yeye silikanti. Wa pili akapatikana mwaka 1952 Nzuwani, katika visiwa vya Komoro, ikadhihiri kuwa wavuvi wa huko, Waislamu wana wa Waislamu, walikuwa wakimvua tangu zamani na kumwita gombesa. Hata Tanga yuko, na mwaka 2009 ilitengwa hifadhi ya bahari kwa ajili yake. Basi wavuvi walikuwa na samaki pasipo khabari yake, na wanavyuoni walikuwa na khabari pasipo samaki. Nusu mbili hizo hazikukutana mpaka alipotokea mwenye kuuliza.

Ama mbingu, Abdulrahman as-Sufi, katika kitabu chake cha nyota cha mwaka 964 wa Miladi, alitaja wingu dogo lionekanalo kwa macho matupu kati ya nyota. Leo yajulikana kuwa wingu hilo ni mkusanyiko wa nyota zisizo idadi, na nuru yake husafiri zaidi ya miaka milioni 2 kabla ya kuifikia dunia. Je, ajabu yake imepungua kwa kujulikana? Bali imezidi. Na vipi Mwislamu aseme kuchungua nyota ni kazi ya wageni, na hali Wazungu wenyewe hata leo huziita Aldebaran na Altair, majina waliyoyapokea kwa Waarabu?

Basi mzazi akiulizwa na mwanawe juu ya maji, na amshike mkono waende pwani. Na amwambie kuwa mwezi na jua huyavuta maji. Na mwezi uandamapo, na uwapo mpevu, huvuta kwa pamoja, likawa bamvua. Na akiulizwa asilolijua, na amwambie, "Twende tukamwulize ajuaye." Wanavyuoni wa kale waliandika "Mungu ndiye ajuaye zaidi" mwishoni mwa uchunguzi wao, baada ya kukesha na taa. Neno hilo ni la kufungia safari iliyokwisha kusafiriwa. Alisemaye kabla ya kuondoka nyumbani amelifanya kuwa komeo la mlango, na mtoto amemfungia ndani.

Wallahu aalam.