Mgeni Aambiwe Ukweli

Vijana wetu wa Sake na Bweremana, nasaha ya leo ni yenu. Bahari hamna, ila milima ya Masisi inateremka hadi Ziwa Kivu, lenye jua, fukwe na visiwa: Tchegera, ukingo wa kreta ya zamani uliojikunja kama mwezi mchanga, na Idjwi, kisiwa kikubwa chenye kahawa na mananasi. Siku amani itakaporudi, wageni watakuja, na ninyi ndio mtakaowatembeza.

Kusifu hakuna kazi. Mgeni akiuliza kama aoge, mwambieni ziwa hili halina mamba. Mpeni samaki wa sambaza kwa bugali, na jibini ya Masisi. Lakini msimfiche mazuku, hewa inayoua. Hewa hiyo hutoka ardhini kati ya Goma na Sake, ikatuama mabondeni kwa kuwa ni nzito. Haina rangi wala harufu. Ninyi mmekua mkikatazwa kushuka shimoni alfajiri, mkaona mbuzi waliokufa bila jeraha. Mgeni ataona majani mabichi tu, na atatafuta pa kulala.

Chombo cha majini nacho kisemewe ukweli. Tarehe 3 Oktoba 2024, boti iliyotoka Minova ilizama karibu na bandari ya Kituku, Goma, ikiwa imejaa kupita kiasi. Makumi ya watu walikufa wakiwa wamekaribia kufika. Hao hawakuwa watalii, bali jirani zetu, waliopita majini kwa sababu vita vilikuwa vimefunga barabara. Basi msidhani ukweli ni heshima ya mwenye kamera peke yake. Anayezoea kumwambia mama wa sokoni kwamba bado kuna nafasi, atamwambia hivyo hivyo mgeni wa ng'ambo.

Mtasema, tukimtisha ataondoka na pesa zake. Kumtisha ni kumwonyesha hatari na kumwacha nayo. Ninyi mwonyesheni pia njia: hapa lala, pale usishuke, jaketi la kuokolea hili, livae kabla hatujang'oa nanga. Akiona mmemlinda, atawaamini hata mnaposifu.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hakuna mwenyeji aliyepona kwa mgeni aliyezama. Boti ikijaa, semeni imejaa, hata kama anayebaki ufukweni ndiye mwenye nauli kubwa.