Sabato ya Wakristo Ni Ipi?

Hapa Binza, na katika mkoa wote wa Simiyu, twakaa jirani na Wakristo wa Kanisa la Waadventista Wasabato. Wamishonari wao walianza kazi Upare mwaka 1903, kisha wakafika na pande za Ziwa Victoria. Basi huweza kutokea katika nyumba moja kwamba mke huweka jembe chini Jumamosi, na mume Jumapili, nao watoto huuliza: Ni nani amtiiye Mungu?

Wengi wetu hujibu upesi ya kwamba Mungu aliihamisha Sabato kuwa Jumapili. Jibu hilo si imara, maana hakuna andiko liamrishalo hivyo. Twasoma ya kuwa wanafunzi walikutanika siku ya kwanza ya juma kuumega mkate (Matendo 20:7), nayo ndiyo siku aliyofufuka Bwana. Katekista na awaeleze watu kwamba siku hiyo ni Jumapili, wasije wakapotezwa na hesabu ya Kiswahili, ambayo huanza na Jumamosi. Tena Maungamo ya Augsburg ya mwaka 1530, fungu la 28, yafundisha kwamba wakosea wadhanio Jumapili kuwa sharti la lazima lililowekwa mahali pa Sabato. Siku iliwekwa ili watu wajue wakati wa kukutanika.

Sabato ni neno la Kiebrania, maana yake ni kukoma kazi na kupumzika. Mtume Paulo afundisha kwamba ilikuwa kivuli cha Kristo (Wakolosai 2:16-17). Mtu aonaye kivuli cha mgeni mlangoni hufurahi. Lakini mgeni akiisha kuingia, humlaki mgeni mwenyewe, wala hakiangalii kivuli tena. Kwa hiyo tusimhukumu jirani aishikaye Jumamosi kwa ajili ya Bwana (Warumi 14:5-6). Wala tusikubali kufungwa, kana kwamba Kristo hatoshi.

Lakini uhuru huu si ruhusa ya uvivu. Dr. Martin Luther, katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, aeleza kwamba amri hii yatukataza kulidharau Neno la Mungu na mahubiri yake. Na Torati yawahesabu watumwa, ng'ombe na mgeni kuwa washiriki wa pumziko (Kumbukumbu 5:14). Basi na tujiulize: Tuimbapo kanisani, ni nani yuko porini na ng'ombe wetu? Kijana yule wa mshahara atalisikia Neno lini? Wakati wa kuchuma pamba, je, vibarua wetu wapewa siku yao? Na maksai waliolima siku sita, je, wamefunguliwa nira?

Ng'ombe hawana budi kulishwa, twajua. Basi wenye mji na washike zamu, mchungaji wao naye apate kuketi ibadani. Ateteaye Jumapili kwa maneno, huku akimnyima mtumishi wake pumziko, bado hajaitakasa. Bwana, aliyewaita wote wasumbukao, na atufundishe kupumzika pamoja nao.