Gari Lenye Moyo wa Gari Jingine

Katika mji wa Goma magari hayafi upesi. Basi dogo lililotengenezwa Japani, likatumika huko miaka mingi, kisha likavuka bahari, hufika Kivu likiwa limekwisha kuchoka. Na hapo ndipo kazi yake iliyo ngumu huanza. Mawe makali ya Nyiragongo hukata mipira yake, vumbi jeusi hupenya kila mahali, na milima ya Masisi humaliza nguvu zilizobaki. Siku injini yake, au moteri kama waitavyo watu wa Goma, inapokufa kabisa, mwenyewe hatupi gari lake. Hutafuta moteri nyingine iliyotolewa katika gari lililopinduka, au iliyonunuliwa katika maduka ya vipuri ya Kampala, na fundi huifunga mahali pa ile ya kwanza. Gari huondoka tena. Kwa nje ni lile lile; kwa ndani lina moyo wa gari jingine.

Je, jambo hili lina ubaya wo wote? Swali laweza kuonekana kuwa la mafundi na makarani tu. Lakini ndani yake limo swali la zamani sana, nalo lamhusu kila mtu anayeuza, anayenunua, anayetia sahihi, hata yule anayepanda tu gari kwenda sokoni: Mtu aliyenyamaza, je, amedanganya?

Kwanza ijulikane kwamba kubadili injini si kosa. Ni kazi halali ya mikono na akili. Fundi anayefufua gari lililokufa anastahili ujira wake na heshima yake. Mwenye gari naye hana hatia akitaka mali yake iendelee kulisha watoto. Wako watu wa Goma waliopoteza nyumba zao zote kwa moto wa mlima tarehe 17 Januari 2002, na wengine tarehe 22 Mei 2021. Kwa mtu wa namna hiyo gari kuukuu laweza kuwa shamba lake lote. Basi ubaya, kama upo, hauko katika chuma. Yafaa utafutwe katika karatasi, na katika ulimi.

Kila gari lina namba zilizopigwa katika chuma. Moja iko katika chasi, yaani mifupa ya gari. Nyingine iko katika injini yenyewe. Namba ya chasi hubaki na gari mpaka mwisho wake, bali namba ya injini huondoka pamoja na injini. Tena gari lina karatasi zake. Kadi ya gari, iitwayo karte rozi katika Kongo, huonyesha gari ni la nani, ni la aina gani, na lina nguvu kiasi gani. Cheti cha bima, yaani asiransi, huonyesha kwamba mtu akiumizwa na gari hilo, yupo atakayelipa. Karatasi hizo ni kama mashahidi. Zikisema jambo lililokuwa kweli jana na ambalo si kweli leo, na mwenyewe ajua, basi shahidi amegeuka.

Mfano utafafanua neno hili. Mtu ana basi dogo, Toyota HiAce, lenye injini ya esansi ya ujazo wa sentimeta 1,998. Injini inakufa. Fundi anaweka ya mazuti, yenye ujazo wa sentimeta 2,779, kwa kuwa hupanda milima vizuri na hudumu. Mwenye gari anakwenda kukata bima. Karani anaandika mambo yote kama yalivyo katika kadi ya zamani, anageuza karatasi, anasema: «Tia sahihi hapa.» Mwenye gari anatia sahihi, analipa, anaondoka. Njiani dhamiri yamwuliza, naye aijibu: «Sikusema uongo. Sikuulizwa.»

Je, jibu hilo latosha?

Watu wenye hekima walilifikiri jambo hili kabla ya magari kuwapo. Cicero, Mroma aliyeishi kabla ya Kristo, alitoa mfano wa mfanya biashara aliyefika na ngano katika kisiwa cha Rhodes wakati wa njaa. Alijua kwamba merikebu nyingine zenye ngano zinakuja nyuma yake. Watu wa kisiwa hawakujua. Je, awaambie, au anyamaze auze kwa bei kubwa? Cicero aliamua kwamba haikumpasa kuficha. Mtakatifu Thoma wa Akwino, karne ya 13, alikuwa mpole zaidi kwa mfanya biashara huyo: alisema haki haimlazimishi kutangaza bei itakayokuja, ingawa angefanya wema mkubwa zaidi kama angetangaza. Lakini juu ya kasoro ya kitu chenyewe Thoma hakulegea. Anayeuza farasi kiwete kana kwamba ni mwenye mbio, au nyumba inayotaka kuanguka kana kwamba ni imara, huyo atenda dhambi, kwa sababu kimya chake chamtia mwenzake katika hasara au hatari. Ikiwa kasoro yaonekana waziwazi, kama farasi mwenye jicho moja, muuzaji halazimiki kuitangaza, maana mnunuzi ana macho yake mwenyewe.

Basi kipimo ndicho hiki. Si kila kimya ni uongo. Mtu halazimiki kumwambia jirani kiasi cha fedha alichonacho, wala siri za nyumba yake. Lakini mtu mwingine akiwa anaamua jambo kwa kumtegemea yeye, wala hana njia ya kuona kwa macho yake, hapo kimya huwa na sauti. Injini iko chini ya kifuniko. Si jicho la farasi. Tena mwenye gari yule hakunyamaza kweli. Alitia sahihi. Sahihi ni neno la mkono: yasema, «Haya yaliyoandikwa ni kweli.» Ulimi ulitulia, mkono ukasema uongo.

Wengine husema: «Hata kama ni uongo, umemdhuru nani? Kampuni ya bima ni tajiri.» Hapa hufaa kueleza bima ni nini. Katika kijiji msiba ukitokea, kila nyumba hutoa mchango. Leo kwa huyu, kesho kwa yule. Bima ni mchango wa namna hiyo uliotolewa mbele, kabla ya msiba, na watu wasiofahamiana. Kila mmoja hutoa kwa kadiri ya hatari anayoileta. Anayeleta hatari kubwa na kutoa mchango wa hatari ndogo hali mali ya tajiri tu. Ala pia katika chungu cha wenzake.

Tena chungu hicho chajengwa juu ya kuaminiana. Mwaka 1766 hakimu wa Uingereza, Lord Mansfield, alitoa sababu iliyo wazi: anayekata bima ndiye ajuaye mambo ya chombo chake, na mwenye kampuni hana ila kumsadiki, kwa hiyo haruhusiwi kuficha lile ambalo lingebadili uamuzi wa mwenzake. Nayo sheria ya Ufaransa ya tarehe 13 Julai 1930 ilitofautisha watu wawili. Aliyeficha kwa kusudi, mapatano yake huvunjika yote. Aliyekosa bila nia mbaya hulipwa sehemu tu, kwa kadiri ya ada aliyotoa. Waona kwamba hata sheria za watu hutazama moyo.

Katika Kongo bima ya gari si hiari. Sheria ya tarehe 5 Januari 1973 ilimlazimisha kila mwenye gari awe na bima kwa ajili ya wale atakaowadhuru. Miaka mingi kazi hiyo ilikuwa ya SONAS peke yake, kampuni ya serikali iliyoanzishwa mwaka 1966, mpaka sheria ya tarehe 17 Machi 2015 ilipofungua mlango kwa makampuni mengine. Lakini kwa nini ilazimishwe? Si kwa ajili ya mwenye gari. Ni kwa ajili ya mama anayetembea kando ya barabara na ndoo kichwani.

Na hapo ndipo penye uzito wa neno lenyewe. Injini ya mazuti kwa kawaida ni nzito kuliko ya esansi, na uzito huo hulemea magurudumu ya mbele na breki. Tena liko jambo ambalo abiria hawalijui. Katika magari mengi ya esansi, injini yenyewe, inapovuta hewa, husaidia mguu wa dereva kukanyaga breki. Injini ya mazuti haivuti kwa namna hiyo. Yahitaji pampu yake ya pekee kwa kazi hiyo. Fundi mwema huiweka. Fundi mwenye haraka aweza kuiacha, na gari likatembea vizuri katika tambarare ya mjini. Lakini barabara itokayo Butembo hushuka kutoka Kanyabayonga kwa mteremko mkali wa Kabasha mpaka nyika ya Rwindi. Siku gari lililojaa watu litakaposhuka huko, na breki ikawa ngumu kama jiwe, karatasi zitasema nini? Zitasema juu ya gari ambalo halipo. Kampuni yaweza kukataa kulipa, au kulipa kidogo, na mjane atazunguka katika ofisi kwa kosa asilolifanya. Laiti mabadiliko yangalitangazwa, pengine mkaguzi angaliuliza: «Pampu iko wapi?» Swali moja tu, na watu wangalifika nyumbani.

Yapo maneno mengine ya kujitetea, nayo yasidharauliwe. Mwenye gari husema: «Nikienda kutangaza, nitazungushwa wiki tatu. Kila meza yataka kitu chake. Aliyeficha hupita, anayesema kweli hulipishwa.» Malalamiko haya ni ya haki. Karani anayeuza muhuri, na askari anayeitumia karatasi kama mtego wa kukamatia fedha, huwafundisha watu kuficha, nao watatoa hesabu ya sehemu yao. Lakini kosa la karani haliponyi breki. Mtu anapofungiwa mlango na mwovu, hana ruhusa ya kupita juu ya mgongo wa maskini.

Wengine husema: «Nchi ina vita. Mwishoni mwa Januari 2025 mji wa Goma ulitwaliwa na M23, mabenki yakafungwa. Katika fujo kama hiyo, nimtangazie nani?» Jibu ladai kutofautisha deni mbili. Iko deni ya mtu kwa ofisi: namba, kodi, muhuri. Deni hiyo yaweza kuchelewa ikiwa ofisi haipo au haifahamiki ni ya nani, kwa maana hakuna alazimishwaye kufanya lisilowezekana. Lakini iko deni ya mtu kwa jirani yake: abiria, mpita njia, mnunuzi wa kesho. Deni hiyo haikutoka serikalini, wala haiondoki serikali inapoondoka. Hata bila ofisi mtu aweza kudai risiti ya injini aliyonunua, ili asije akawa mpokezi wa mali ya wizi. Aweza kumwomba fundi aandike namba ya injini ya zamani na ya mpya, na siku ya kazi. Aweza kujaribu breki kabla ya kupakia watu. Aweza kumwambia mwenye bima yake, kwa barua na kuhifadhi nakala. Aweza kumwambia mnunuzi kabla ya kupokea fedha yake.

Na yule aliyekwisha kuficha? Kujuta peke yake hakutoshi. Amri ya saba na ya nane zaenda pamoja hapa: aliyesema uongo asahihishe, aliyetwaa arudishe. Akiwa gari bado analo, atangaze kabla ya ajali. Akiwa ameliuza, amtafute mnunuzi. Akiwa mtu ameumia na bima imekataa kulipa kwa ajili ya uongo wake, deni ni yake mwenyewe, naye alipe kwa kadiri awezavyo, hata kidogo kidogo, hata miaka mingi. Fundi aliyejua na kukubali kuficha ana sehemu yake katika deni hiyo.

MASWALI YA KUKUMBUKA

Swali: Je, kubadili injini ya gari ni dhambi?
Jibu: La. Ni kazi halali, ikiwa injini imenunuliwa kwa haki na kazi imefanywa vizuri.

Swali: Kunyamaza huwa uongo lini?
Jibu: Mtu mwingine anapoamua jambo kwa kutegemea neno letu, wala hawezi kuona mwenyewe, nasi twajua kwamba ataingia hasarani au hatarini.

Swali: Karani asipouliza, je, mwenye gari yu huru?
Jibu: La. Anayetia sahihi amekwisha kusema.

Swali: Ofisi zikiwa mbovu au zimefungwa, ni wajibu gani unaobaki?
Jibu: Wajibu kwa jirani wabaki wote: gari liwe salama, na kweli ijulikane kwa bima na kwa mnunuzi.

Swali: Ni nani anayelindwa na kweli hiyo?
Jibu: Kwanza ni yule asiye na gari.