Amri ya Tano na kabati la nyumbani



Mmekwisha kujifunza kwamba Amri ya Tano yatukataza kuua. Labda mmoja wenu asema moyoni: "Amri hii hainihusu, maana sijamwaga damu ya mtu." Asikilize basi. Katika Kitabu cha Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, aya ya 8, Mungu awaagiza Waisraeli kwamba mtu ajengaye nyumba mpya azungushe ukuta mdogo juu ya paa lake. Maana paa za kwao zilikuwa sawasawa, na watu walitembea juu yake. Mwenye nyumba asiyejenga ukuta ule hakumsukuma mtu. Lakini mtu akianguka, damu yake yamhusu.

Sisi hatutembei juu ya paa. Lakini sakafu za nyumba nyingi zimebadilika. Udongo uliopondwa hushika mguu wa kiti. Simenti iliyolainishwa na kupakwa nta haiushiki. Juu ya sakafu hiyo twasimamisha kabati refu, lisilofungwa mahali popote. Mtoto aona sukari juu. Avuta droo, azifanya ngazi, apanda. Uzito waenda mbele kupita miguu ya kabati, nalo lamwangukia. Kisha watu wasema: "Ni mapenzi ya Mungu." Ndugu zangu, tusimsingizie Mungu uvivu wetu! Yeye alitupa macho ya kuona hatari, na mikono ya kuiondoa.

Tufanyeje basi? Kwanza, vitu vizito viwekwe chini, vyepesi juu. Na kitu kimpendezacho mtoto kisiwekwe juu ya kabati kamwe.

Pili, litikise kabati pembe kwa pembe. Mguu mmoja ukiwa hewani, tia chini yake kipande cha mti mkavu mpaka lisichezecheze tena. Kigoda cha miguu mitatu hakichezichezi hata penye mabonde, bali cha minne chataka kupimwa.

Tatu, kata mpira wa gurudumu lililochakaa, vipande vyenye upana wa mguu, uvigandishe chini ya kila mguu wa meza na wa kabati. Lakini kwanza futa sakafu iwe kavu, pasipo vumbi wala nta wala mafuta. La sivyo mpira nao utateleza.

Nne, nalo ni kubwa kuliko yote: kabati refu lifungwe ukutani. Mpira wazuia miguu kuteleza, hauzuii kichwa kuinama. Tena kabati ambalo miguu yake imeshikwa, likisukumwa kwa juu, haliwezi kuteleza, litapinduka. Kwa hiyo mpira peke yake hautoshi. Penye ukuta wa matofali, lishike kwa kipande cha chuma na skurubu. Penye ukuta wa udongo, msumari hautashika. Tafuta mti wa nyumba uliomo ndani ya ukuta, ufunge hapo kwa waya yenye nguvu.

Yafaa tujiulize maswali mawili.

Swali: Je, mtu asiyejua hatari hiyo ana dhambi?
Jibu: Asiyejua, pasipo kosa lake mwenyewe, hana dhambi. Lakini Mtakatifu Yakobo atufundisha kwamba ajuaye jema la kufanya asilifanye, kwake ni dhambi. Nanyi leo mmekwisha kujua.

Swali: Je, yatosha kutengeneza nyumba yangu?
Jibu: Haitoshi. Yuko mjane asiye na mtu wa kumpigia msumari, yuko na mzee ambaye kila asubuhi hushika meza ili ainuke. Nenda kwao. Upendo wa jirani si maneno matamu. Mara nyingine ni nyundo na kipande cha mpira.

Mwaka 1955 Papa Pio XII aliweka tarehe 1 Mei kuwa sikukuu ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi. Yeye, seremala wa Nazareti, alilindiwa nyumbani mwake Mtoto Yezu, akamlinda kwa kazi ya mikono yake. Tumwombe atuombee, nasi tulinde watoto tuliokabidhiwa. Leo jioni, kabla ya kupiga magoti kwa sala, kila mmoja aliwekee kabati lake mkono, alisukume polepole. Likitikisika, asilale mpaka amelitegemeza, na kesho alifunge.